Matiba: Saini moja iliyochelewesha haki ya kura nchini

KILA ifikapo Julai 7, jina la hayati Kenneth Stanley Njindo Matiba hurejea vinywani mwa Wakenya. Wazee hulitaja kwa sababu wanakumbuka mwaka wa 1990, polisi walipowakabili wananchi waliotaka kukusanyika katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi. Vijana, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo, wamelirithi pamoja na siku yenyewe.

Mnamo 2025 vijana hao walijaribu kurudi barabarani siku hiyo hiyo na kukuta njia za kuingia jijini zimefungwa. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) iliripoti kuwa zaidi ya watu 30 waliuawa katika sehemu mbalimbali za nchi.

Lakini Saba Saba ni sehemu moja tu ya urithi wa mwanasiasa huyo. Sehemu nyingine, ambayo haitajwi sana katika mikutano ya hadhara, ni karatasi aliyoiwasilisha kortini mnamo 1993 akipinga ushindi wa Rais Daniel arap Moi katika uchaguzi wa Desemba 1992. Korti iliitupa karatasi hiyo bila kusikiliza malalamishi yaliyokuwemo, kwa hoja kwamba mlalamishi hakuitia saini kwa mkono wake mwenyewe.

Mkono huo ulikuwa umedhoofishwa na kiharusi. Na kiharusi hicho kilimpata Matiba akiwa kizuizini, alikowekwa bila kufunguliwa mashtaka na serikali ya Rais huyo huyo aliyekuwa akimshtaki.

Anayetaka kuelewa ni kwa nini wapinzani walikataa katakata kwenda kortini baada ya uchaguzi wa 2007, na ni kwa nini Katiba ya 2010 inawaagiza majaji wasiifanye haki kuwa mateka wa kanuni za utaratibu, hana budi kuanzia kwenye saini hiyo.

Matiba hakuzaliwa mpinzani. Alizaliwa Juni 1, 1932 katika eneo la Kahuhia, Murang'a, akasomea Shule ya Upili ya Alliance na kisha Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda. Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru mnamo 1963, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupewa wadhifa wa Katibu wa Wizara, naye alikuwa na umri wa takriban miaka 30 tu.

Mwishoni mwa miaka ya sitini aliacha utumishi wa serikali na kujiunga na kampuni ya kutengeneza bia, ambako alipanda ngazi hadi akawa mwenyekiti mtendaji. Aliongoza pia chama cha kandanda nchini, akajenga hoteli za kitalii katika ufuo wa Diani, Kusini mwa Pwani, na akawekeza katika shule za kibinafsi. Kwa burudani, alipenda kukwea milima.

Kwa ufupi, huyu alikuwa mtu aliyeshiba matunda ya uhuru. Alipojitosa katika siasa za ubunge mnamo 1979 na kumwangusha Dkt Julius Gikonyo Kiano katika eneo la Mbiri, ambalo baadaye liliitwa Kiharu, hakuna aliyemwona kuwa tishio kwa serikali. Kiano alikuwa mmoja wa vigogo wa siasa tangu enzi ya ukoloni, na ushindi huo ulimpa Matiba sifa ya mtu asiyeogopa wakubwa. Miaka michache baadaye Rais Moi alimteua Waziri, na akahudumu katika wizara kadhaa, zikiwemo Afya na Uchukuzi.

Mambo yalibadilika mnamo 1988. Mwaka huo chama cha KANU, ambacho kilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kilifanya uteuzi kwa mtindo wa mlolongo. Wapiga kura walipanga foleni nyuma ya wawakilishi wa wagombea au picha zao na kuhesabiwa hadharani. Katika maeneo mengi milolongo mifupi ilitangazwa kuwa mirefu, na waliokuwa wameshuhudia kwa macho yao wakaambiwa hawakuona walichokiona.

Uchaguzi wa maafisa wa chama ulipofuata na Matiba akaona udanganyifu huo ukitumiwa dhidi yake katika ngome yake mwenyewe, alichukua hatua ambayo mawaziri wa enzi hiyo hawakuithubutu. Mnamo Desemba 1988 alijiuzulu uwaziri. KANU ilimfukuza, na kwa kuwa hakukuwa na chama kingine, akapoteza pia kiti chake cha ubunge.

Katika siasa za wakati huo, waziri alifutwa kupitia taarifa ya habari ya saa saba, akaomba msamaha, akangoja kukumbukwa. Kujiuzulu kulikuwa sawa na kumwambia Rais kwamba wadhifa aliokupa hauna thamani kuliko heshima yako. Wadadisi wa siasa wanaitazama hatua hiyo kuwa mwanzo halisi wa safari ya Matiba upinzani.

Mwaka wa 1990 ulianza kwa misukosuko. Utawala wa chama kimoja ulikuwa ukiporomoka katika mataifa ya Ulaya Mashariki, na hapa nyumbani Kasisi Timothy Njoya alikuwa amewatahadharisha viongozi katika mahubiri ya Mwaka Mpya kwamba upepo huo ungefika Afrika. Mnamo Februari, Waziri wa Mashauri ya Kigeni Dkt Robert Ouko aliuawa kinyama, na hasira ya wananchi ikapanda.

Mei 3, 1990, Matiba na Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi, waliwaita wanahabari na kutaka Kenya iruhusu vyama vingi. Walitaka kufutwa kwa kifungu cha 2A kilichoingizwa katika Katiba mnamo 1982 na kuifanya KANU kuwa chama cha pekee. Kisha wakaomba kibali cha kuandaa mkutano Kamukunji mnamo Julai 7. Kibali kilikataliwa, na Julai 4 wawili hao wakakamatwa. Raila Odinga alikamatwa siku iliyofuata.

Siku ya mkutano ilipofika, viongozi walikuwa ndani lakini wananchi walijitokeza. Makabiliano na polisi yalienea kutoka Nairobi hadi miji mingine, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Serikali ilidhani imeuzima moto kwa kuwakamata waliouwasha. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Desemba 1991, Moi mwenyewe aliwaongoza wajumbe wa KANU kukubali kifungu cha 2A kiondolewe.

Matiba hakuwa nchini kushuhudia mageuzi hayo. Alikuwa amezuiliwa chini ya Sheria ya Kulinda Usalama wa Umma, ambayo iliiruhusu serikali kumfungia mtu bila kumshtaki na bila kumwambia ataachiliwa lini. Mnamo Mei 1991 alipatwa na kiharusi. Katika kesi aliyoiwasilisha miaka mingi baadaye, ilielezwa kwamba hakupewa matibabu kwa wakati uliofaa, na kwamba madhara aliyoyapata yangeweza kupunguzwa. Aliachiliwa mwezi uliofuata akiwa mgonjwa mahututi, akasafirishwa hadi London.

Rubia naye aliachiliwa akiwa ameharibikiwa na afya. Wanaume wawili walioingia kizuizini wakiwa wenye nguvu na mali walitoka wakiwa wagonjwa. Rubia alifariki mnamo Desemba 2019.

Matiba aliporejea Nairobi mnamo Mei 1992, alilakiwa na umati mkubwa uliojaa barabarani kutoka uwanja wa ndege hadi mjini. Mageuzi yalikuwa yamefika, chama cha FORD kilikuwa kimeunganisha wapinzani wa kila kabila, na wengi waliamini kwamba KANU ilikuwa inahesabu siku zake.

Hapo ndipo upinzani ulipojichimbia kaburi. Mzee Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, aliamini kwamba zamu ilikuwa yake. Matiba, aliyelipa kwa afya yake, hakuona sababu ya kumpisha. Masinde Muliro, ambaye wengi walimtegemea kuwa mpatanishi, alifariki ghafla Agosti 1992 alipotua Nairobi akitoka London. FORD ikagawanyika: Jaramogi akabaki na Ford-Kenya, Matiba na Martin Shikuku wakaondoka na Ford-Asili. Mwai Kibaki, aliyekuwa amejiondoa serikalini Desemba 1991, alikuwa tayari na chama chake cha DP.

Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992, Moi alitangazwa mshindi kwa kura 1,962,866, ambazo zilikuwa takriban asilimia 36. Matiba alikuwa wa pili kwa kura 1,404,266, Kibaki akafuata kwa 1,050,617, na Jaramogi akapata 944,197. Karibu Wakenya wawili kati ya kila watatu waliopiga kura walimkataa Moi, na bado alisalia Ikulu.

Matokeo ya Matiba yalikuwa ya ajabu kwa mtu ambaye alikuwa akijifunza upya kuutumia mwili wake. Aliongoza Nairobi na Mkoa wa Kati, na kwa msaada wa Shikuku alizoa kura nyingi katika Mkoa wa Magharibi. Wafuasi wake walikuwa wafanyabiashara wadogo, makondakta wa matatu, wachuuzi na vijana wa mitaa ya mabanda, watu ambao hawakuwa na chochote cha kufanana na tajiri wa hoteli za Diani isipokuwa hasira dhidi ya serikali.

Lawama ya mgawanyiko huo haiwezi kuwekwa mlangoni pa Matiba peke yake, lakini hawezi kuepushwa nayo pia. Alikuwa mtu wa msimamo mkali, na msimamo uliomwezesha kumkabili Moi ulimzuia kumsikiliza Jaramogi. Ni hulka moja iliyozaa ushujaa na kosa.

Baada ya kushindwa, Matiba hakuwaita wafuasi wake barabarani kuchoma na kuvunja. Alifanya kile ambacho viongozi wa upinzani huambiwa wafanye kila mara. Alikwenda kortini.

Ombi lake lilidai kwamba uchaguzi haukuwa huru wala wa haki. Kwa sababu ya kiharusi, Matiba hakuweza kuandika ipasavyo, kwa hivyo mkewe, Edith, alitia saini kwa niaba yake akitumia hati ya kisheria iliyompa mamlaka hayo. Katika shughuli za benki na ardhi, hati ya namna hiyo hutumiwa kila siku nchini.

Mawakili wa Moi walipinga. Walisema sheria ilimtaka mlalamishi mwenyewe atie saini ombi la kupinga uchaguzi. Mahakama Kuu ilikubaliana nao na kulitupa ombi hilo, na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Kura zilizodaiwa kuibwa hazikuhesabiwa tena. Mashahidi hawakuitwa. Swali la iwapo Moi alishinda kihalali halikujibiwa na mahakama yoyote.

Wanasheria watasema kwamba kanuni ina maana yake. Saini humfunga mtu kwa maneno yake, na uchaguzi wa Rais si jambo la kupingwa na mtu asiyewajibika. Hoja hiyo ina uzito. Lakini katika kesi hii hakuna aliyekuwa na shaka kwamba Matiba ndiye aliyekuwa akilalamika. Nchi nzima ilijua, na nchi nzima ilijua pia ni kwa nini hakuweza kushika kalamu. Kanuni iliyokusudiwa kuilinda haki dhidi ya ulaghai ilitumiwa kumlinda mwenye mamlaka dhidi ya swali.

Baya zaidi ni kwamba dola ilinufaika na madhara yaliyotokea mikononi mwake. Mtu aliwekwa kizuizini na serikali, akatoka bila nguvu ya mkono, kisha udhaifu wa mkono huo ukawa ngao ya kiongozi wa serikali hiyo kortini. Hata mtu asiyejua sheria anaweza kuona kwamba hapo pana kasoro.

Miaka mitano baadaye historia ilijirudia kwa sura nyingine. Kibaki alipopinga ushindi wa Moi katika uchaguzi wa 1997, ombi lake lilitupwa kwa hoja kwamba Moi hakukabidhiwa karatasi hizo mkononi. Wananchi walibaki kujiuliza ni nani angeweza kuwapenya walinzi wa Rais na kumtilia karatasi za kesi mkononi. Mahakama ya Rufaa ilithibitisha uamuzi huo mnamo 1999.

Kwa hivyo, kufikia mwisho wa karne iliyopita, wagombea wawili waliomkaribia Moi zaidi katika chaguzi mbili mfululizo walikuwa wamefungiwa mlango wa korti, mmoja kwa sababu ya saini na mwingine kwa sababu ya namna ya kuwasilisha karatasi. Funzo ambalo wanasiasa walilipata lilikuwa moja: kwamba kesi dhidi ya Rais aliyeko madarakani haiwezi kusikilizwa, seuze kushinda.

Funzo hilo lilikuja kuigharimu Kenya. Mnamo Desemba 30, 2007, Kibaki, ambaye sasa alikuwa Rais, alitangazwa mshindi na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Kambi yake iliwataka viongozi wa ODM waende kortini iwapo hawakuridhika. ODM, ikiongozwa na Raila Odinga, ilikataa ikisema haikuwa na imani kwamba ingetendewa haki huko. Tume ya Jaji Philip Waki baadaye ilibaini kuwa watu 1,133 waliuawa katika ghasia zilizofuata, mbali na mamia ya maelfu waliofurushwa makwao.

Itakuwa si haki kudai kwamba damu hiyo yote ilimwagika kwa sababu ya kesi ya 1993. Kulikuwa na uhasama wa ardhi, uchochezi wa wanasiasa, makundi ya majambazi na polisi waliotumia risasi. Hata hivyo, nchi ambayo imewafundisha wapinzani kwamba korti haitawasikiliza haipaswi kushangaa wanapokataa kwenda kortini. Kibaki mwenyewe aliujua mlango huo kuwa umefungwa kwa kuwa aliwahi kuubisha.

Waandishi wa Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 waliiona kasoro hiyo. Waliunda Mahakama ya Juu na kuipa jukumu la kusikiliza kesi za uchaguzi wa Rais na kuziamua katika muda wa siku 14. Katika kifungu cha 159 waliagiza kwamba haki itolewe bila kuzingatia kupita kiasi kanuni za utaratibu. Jina la Matiba halimo katika kifungu hicho, lakini anayekisoma akikumbuka kesi yake ataona chanzo cha maneno hayo.

Dawa hiyo haikuponya ugonjwa mara moja. Katika kesi ya 2013, Mahakama ya Juu ilikataa kupokea hati ya kiapo ya ziada ya muungano wa CORD yenye mamia ya kurasa kwa sababu iliwasilishwa kwa kuchelewa, na wakosoaji wakasema kanuni zilikuwa zimeishinda haki tena. Lakini mnamo Septemba 1, 2017, mahakama hiyo ilifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta, jambo lililokuwa halijawahi kutokea barani Afrika kwa Rais aliyeko madarakani. Mnamo 2022, ilipoidhinisha ushindi wa William Ruto kwa kauli moja, Raila alisema hakukubaliana na uamuzi huo lakini angeuheshimu.

Tofauti kati ya 1993 na 2022 haimo katika nani alishinda. Katika chaguzi zote mbili mlalamishi alirudi nyumbani mikono mitupu. Tofauti ni kwamba mwaka wa 2022 alisikilizwa, masanduku yakafunguliwa na majaji wakaeleza sababu. Mtu aliyesikilizwa akashindwa huumia, lakini aliyefukuzwa mlangoni hubaki na kinyongo, nacho kinyongo hurithiwa.

Maisha ya Matiba baada ya kesi hiyo yalikuwa ya kuteremka. Alianzisha gazeti la The People, ambalo lilichapisha habari ambazo wengine waliziogopa. Lakini siasa zake zilizidi kuwa za uchungu. Mnamo 1996 matamshi yake dhidi ya Wakenya wenye asili ya Kiasia yalishutumiwa vikali, na yalistahili kushutumiwa. Mtu aliyeonewa na dola hakupaswa kuwanyooshea kidole raia wenzake kwa sababu ya asili yao.

Mnamo 1997 alisusia uchaguzi akisema haukuwa na maana bila mageuzi ya Katiba. Alikuwa na hoja, lakini mwenye kususia husahaulika. Kura za ngome yake zilimwendea Kibaki, na Moi akashinda tena kwa takriban asilimia 40. Matiba alipojaribu kurudi ulingoni mnamo 2007 kwa tiketi ya Saba Saba Asili, alipata takriban kura 8,000 nchini kote. Mtu aliyewahi kupigiwa kura na zaidi ya watu milioni moja alikuwa amekuwa kumbukumbu.

Biashara zake nazo zilizama katika madeni. Hoteli na shule alizozijenga zilimponyoka moja baada ya nyingine. Yeye na familia yake walishikilia kwamba kizuizi na maradhi vilimnyima uwezo wa kuzisimamia.

Agosti 2017, miaka 27 baada ya kukamatwa, Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki zake zilikiukwa na kuamuru alipwe takriban Sh504 milioni. Baadaye kiasi hicho kiliongezwa hadi kukaribia Sh1 bilioni. Matiba hakuishi kuzipokea. Alifariki Aprili 15, 2018 akiwa na umri wa miaka 85, na mwili wake ukachomwa kwa mujibu wa wosia wake.

Viongozi wa mirengo yote, wakiwemo waliokuwa KANU alipozuiliwa, walimmiminia sifa. Walimwita baba wa demokrasia ya vyama vingi. Hakuna aliyeeleza ni kwa nini serikali iliyokuwa tayari kumwandalia rambirambi haikuwa tayari kumwandikia hundi alipokuwa hai.

Suala hili si la historia tu. Agosti 2025 Rais William Ruto alitangaza mpango wa kuwalipa fidia waathiriwa wa maandamano ya miaka ya karibuni, na mara mpango huo ukapingwa mahakamani na waliohoji iwapo ulifuata sheria. Waathiriwa wa vyumba vya mateso vya Nyayo House, walioshinda kesi zao miaka mingi iliyopita, wamekuwa wakilalamika kwamba ushindi wa kortini haukuwaletea shilingi kwa wakati.

Familia zilizompoteza mwana au binti katika maandamano ya 2024 na 2025 zina haki ya kuuliza iwapo zitasubiri miaka 27. Zina haki pia ya kuhofia yale yaliyompata Matiba: kwamba kwanza mtu huumizwa, kisha huambiwa karatasi zake zina kasoro, kisha hushinda, na hatimaye hufa akingoja. Mama wa kijana aliyepigwa risasi Githurai au Rongai hana hoteli za kuuza ili awalipe mawakili kwa miongo mitatu. Matiba alikuwa nazo, na hazikutosha.

Serikali inayotaka kuamini kwamba imeachana na enzi ya kizuizini inaweza kuthibitisha hivyo kwa mambo mawili yasiyohitaji sheria mpya. Kwanza, ilipe fidia zilizoamuliwa na mahakama kabla ya kuahidi nyingine. Pili, mawakili wake waache kutumia visingizio vya utaratibu dhidi ya raia waliojeruhiwa na maafisa wa serikali yenyewe. Mahakama nazo zinapaswa kukumbuka kwamba kifungu cha 159 hakikuandikwa kama pambo.

Upinzani nao una la kujifunza. Wakenya walio wengi walitaka mabadiliko mnamo 1992 na viongozi wao wakawanyima kwa kushindwa kuketi meza moja. Uchaguzi wa 2027 unapokaribia, kila anayejiona kuwa ndiye pekee anayestahili kupeperusha bendera angefaa kuzitazama upya zile kura za Matiba, Kibaki na Jaramogi na kuzijumlisha.

Kuhusu Matiba mwenyewe, taifa limempa sifa tele na siku yake ya kukumbukwa. Sifa ni rahisi kutoa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni ambalo Kenya inadaiwa na watu wa aina yake hulipwa kwa njia moja: kuhakikisha kwamba raia aliyeumizwa na dola anapobisha mlango wa korti, kinachosikilizwa ni malalamishi yake, hata kama mkono wake hauna nguvu ya kushika kalamu.